Ming'oko Kwenye Kioo cha Masasi

Baba Asumini,

Shikamoo. Najua marahaba haitakuja, ila ulikuwa mkubwa wangu kazini na kufa hakujakupunguzia ukubwa.

Kioo cha kompyuta yako kimekufa. Kilitetemeka, kikawa kijani, kikazima. Mwenye duka letu la uchapaji kaleta kompyuta nyingine kutoka Dar, anasema hizi ni zama za soko huria, hana muda wa kubembeleza mitambo chakavu. Nimefungua humo masomo yako ya ngumbaru, ya kuwafundisha watu wazima kusoma, yale tuliyokuwa tukiyapeleka Masasi kwa disketi yakasomwe kwenye kompyuta ya huko. Kila penye ng' pametokea kijisanduku.

Unakumbuka tulivyohangaika na neno ming'oko, hiyo mizizi ya porini tunayokula huku? Kile kialama cha juu, kikinyooka, kioo chetu hapa Newala kilikimeza. Ukikipinda, kwetu kilionekana vizuri, Masasi kikageuka kijisanduku. Ulipanda basi ukakione mwenyewe. Uliporudi ukakinyoosha tena, ukamwita Mama Somoe, mwanafunzi wako wa ngumbaru, aliyekuwa akiuza ming'oko ya kuchemsha barazani, asome kioo chetu. Akasoma, akatutazama. "Hiyo mingoko yenu mle wenyewe. Mimi nauza ming'oko."

Ulicheka mpaka ukakohoa. Kikohozi kilekile kilichokuja kukuchukua, Baba Asumini, na sisi tukakifanyia mzaha.

Baadaye ukaniambia, "Mtu mzima akishindwa kusoma chakula chake mwenyewe, harudi darasani." Basi hawarudi. Mama Somoe ameacha. Mwenye duka ameniamuru nivifute vialama vyote, eti atakayeelewa ataelewa. Wewe ungegomba. Mimi nimechoka, na huku nyuma yangu hakuna mtu wa kuniambia nisogee nione vizuri.

Tangazo la arobaini yako nililichapa mimi. Jina la ukoo wako, Nang'omba, likatoka na kijisanduku katikati. Nikaona jeneza. Nilijaribu kila aina ya herufi iliyomo, nikalia mbele ya wateja.

Siwezi kukuahidi kwamba vioo vitapatana. Siamini tena, na darasa limeshapukutika. Ninachokuahidi ni kidogo: vialama sitaviacha vipotee. Penye kila kijisanduku nitaacha nafasi, na karatasi ikitoka nitaijaza kwa kalamu.

Lala salama, Baba Asumini Nang'omba. Barua hii nayo nimeichapa dukani. Kila ng' iliyomo, kialama chake nimekitia kwa mkono.

Mwanafunzi wako,
Hadija