Mama wa Kwenye Chupa

Geumsan, 4 Machi 1976

Mwanangu Gwang-sik,

Salamu nyingi. Wajukuu hawajambo huko Seoul? Mimi sijiwezi. Kichwa kinanigonga, puani natokwa damu, na tangu juzi mkono wa kushoto umekufa ganzi. Nataka kwenda kwa daktari, lakini binamu yako mwenye gari anasema umemkataza kunichukua. Ni kweli?

Mama yako

Seoul, 11 Machi 1976

Mama, shikamoo.

Sisi wazima, ila mdogo ana kikohozi. Ndiyo, nimemkataza. Kila chupa yetu ya dawa ya mizizi ya jinseng ina picha yako na maneno haya: "Mama huyu ana miaka sabini na tisa, hajawahi kumwona daktari." Wanunuzi wa Busan wanajaa hapo kila siku ya soko. Wakikuona kwenye benchi la wagonjwa, tumekwisha. Nakutumia chupa sita. Kunywa vijiko vitatu badala ya kimoja.

Mwanao

Geumsan, 19 Machi 1976

Mwanangu,

Mpe pole mdogo, na usimnyweshe uchafu wako. Mimi nimeunywa, damu ikatoka mpaka mto ukalowa. Jinseng nimeilima miaka hamsini. Haimfai mtu ambaye damu yake inachemka, na wewe unajua, maana nilikufundisha mimi. Halafu miaka sabini na tisa ya nani? Nina sitini na nane! Umeniongezea miaka kumi na moja, na supu ya mwani ya siku ya kuzaliwa hukunipikia hata moja.

Mama yako

Seoul, 25 Machi 1976

Mama, shikamoo.

Punguza hasira, zitakupandisha presha. Nimepata njia. Jumapili gari litakuja likupeleke hospitali huko Daejeon, hakuna anayekujua. Utaandikishwa kwa jina la Shangazi Ok-nam, amekubali. Jifunike kitambaa usoni.

Mwanao

Geumsan, 5 Aprili 1976

Gwang-sik,

Hali yako siulizi. Gari nililirudisha tupu. Ningefia huko kwa jina la Ok-nam, ungemwekea nani wali wa tambiko? Mwenyewe yu hai, anacheza karata.

Ijumaa, siku ya soko, nilikwenda kwa miguu kwa daktari wa hapa hapa, nikajipumzisha kila nguzo ya umeme. Benchi lilijaa. Mnunuzi mmoja alikuwa na chupa mkononi, akaiangalia, akaniangalia. Nikamwambia, "Ndiye mimi, baba. Sogea nikae."

Daktari alipima presha, akaguna, akanipa vidonge. Jinseng kanipiga marufuku mpaka kaburini. Ameniambia ningechelewa wiki moja, ungenizika. Wiki hiyo ungeniibia wewe, mtoto niliyemzaa, na sijui nitakusamehe lini.

Muuguzi aliponiita jina langu niliitika kwa sauti mpaka benchi zima likacheka. Tangu nikuzae naitwa mama Gwang-sik tu, nikawa nimesahau linavyosikika. Nimelipenda.

Usije hapa kabla hujabandua picha yangu.

Yang Bun-rye