Kivinjari cha Simu Yangu na Akili za Watu

Bukoba,
Jumapili, baada ya adhuhuri.

Baba yangu,

Shikamoo. Nakuamkia kwa salamu ya dini yetu, na naomba karatasi hii ikukute umekaa kibarazani, goti limepoa na chai iko karibu. Mama hajambo? Kikohozi chake kimeisha, au bado anakificha? Nijibu kweli wewe, maana yeye nikimwuliza huniambia "mie mzima" halafu anaiweka simu mbali ili akohoe. Na mpunga wa bondeni umefikia wapi? Kaka Shabani aliniambia maji ya chumvi yamepanda tena mpaka kwenye majaruba ya Mjomba Omari. Habari hiyo iliniuma sana.

Mimi ni mzima. Baridi ya Bukoba nimeizoea, ingawa bado nalala na soksi. Ndizi za kupika nazila, lakini wali wa kwetu ninauota. Mama mwenye nyumba ni mtu mwema. Mwezi wa Ramadhani, Mkristo yule alikuwa akiniwekea uji wa kufuturu mlangoni bila kugonga.

Naandika kwa kalamu kwa sababu wiki iliyopita uliniambia, "Mwajuma, unasema mbio na mtandao unakatika. Nimeshika neno moja tu, kwamba umesifiwa. Umesifiwa kwa lipi?" Basi nakueleza tangu mwanzo. Shabani ataipokea barua hii kituo cha mabasi Kibiti na kukuletea kisiwani.

Unajua kazi yangu hapa chuoni ni kupokea maombi ya wanaotaka kusomea uuguzi na ukunga. Siku hizi maombi hayaji kwa bahasha. Mwombaji anafungua ukurasa wa chuo kwenye simu, anajaza fomu, anaambatisha picha ya cheti, anatuma. Ili aufungue ukurasa huo lazima apitie programu inayoitwa kivinjari. Vipo vya aina nyingi. Vingine ni vizito, vinaleta ukurasa na mapambo yake yote, na vinamaliza bando upesi. Kipo kimoja chepesi, ambacho kwanza kinaukamua ukurasa, kinatupa mapambo, ndipo kinakuletea maandishi. Hicho chepesi ndicho Kaka Shabani alichoniwekea kwenye simu nilipokuwa naenda kidato cha tano, na ndicho ninachotumia mpaka leo.

Sasa, hapa yupo Bwana Deo, mkuu wa mambo ya kompyuta. Si mtu mbaya, Baba, nisije nikamchafua kwako. Anaijua kazi yake na ana mkono wa kutoa. Lakini siku moja alipita nyuma ya meza yangu akaona simu yangu.

"Mwajuma! Mtu msomi kama wewe bado unatumia kitu hiki?" akasema kwa sauti, ofisi nzima ikasikia. "Mimi nikitaka kujua akili ya mtu, siulizi cheti. Naangalia kivinjari chake."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Nakuambia kwa sababu wewe sikufichi: nilicheka nao. Nikarudi chumbani nikakifuta kile chepesi, nikaweka kizito kama cha wenzangu. Simu yangu ikawa inaganda kama nta. Baada ya siku tatu nikakirudisha, lakini tangu hapo Bwana Deo akipita nilikuwa naigeuza simu kifudifudi mezani. Niliona haya, Baba, kwa kitu ambacho kaka yangu alinipa kwa mapenzi.

Ukafika msimu wa maombi. Siku mbili kabla ya mwisho wa kupokea fomu, Mkuu wa chuo alituita kikaoni. Ni mama mtu mzima, mkunga wa zamani, mchache wa maneno. Bwana Deo akatuonyesha ukutani orodha ya watu walioanza kujaza fomu wakaishia katikati. Ilikuwa ndefu. Akasema mtambo huonyesha kila mmoja ametumia kivinjari gani, na kwamba sehemu kubwa ya hao walioshindwa wametumia kile chepesi.

"Mnaona?" akasema. "Mwenye akili hutafuta kilicho bora. Mtu ameshindwa fomu ya kurasa nne, ataweza kupima dozi ya mtoto mchanga? Mimi naona fomu imetusaidia kuchuja. Orodha hii tuifunge, na mwakani ukurasa wetu ukikatae kabisa kivinjari hicho."

Wengine wakatikisa vichwa kukubali. Hata mimi kwa dakika moja nilifikiri labda ni kweli. Kisha macho yangu yakaenda kwenye safu ya mahali wanapotoka. Nikaona kijiji cha Kigoma, visiwa vya huku ziwani, halafu nikaona Mtunda, ya kwetu Rufiji. Chini yake Umwe. Chini yake Mloka. Baba, ilikuwa kama mtu ameniita jina langu nikiwa ugenini.

Nikakumbuka siku uliyonipeleka Kibiti nikiwa darasa la tatu, kwenye ofisi ya serikali, yule karani aliposukuma kidau cha wino mbele yako akasema, "Mzee, weka dole gumba tu, haya maandishi hutayaweza." Wewe uliyekuwa ukihesabu korija za boriti za mikoko, ishirini ishirini, kichwani upesi kuliko mtu mwenye mashine. Hukugombana naye. Uliomba kalamu, ukaandika jina lako kwa herufi za Kiarabu, taratibu, ukaliandika tena chini yake kwa hizi za shule, ukamrudishia kalamu na kumshukuru. Uso wa yule karani naukumbuka mpaka leo.

Nikanyoosha mkono.

"Bwana Deo, samahani. Kuna mtu hapa amewahi kuijaza fomu yetu kwa kivinjari hicho?"

"Kwa nini tuijaze kwa kitu kibovu?"

"Mimi ninacho," nikasema. Nikaitoa simu, nikaiweka mezani mbele ya wote.

Mkuu wa chuo akavaa miwani, akaja kusimama nyuma ya kiti changu. Nikajaza ukurasa wa kwanza. Ukapita. Wa pili ukapita. Wa tatu ndio wa cheti: nikaambatisha picha ya cheti changu mwenyewe, ikaingia, nikabonyeza palipoandikwa "Endelea". Kimya. Nikabonyeza tena. Kimya.

"Huo ni mtandao," akasema Bwana Deo.

Nikainuka nikaenda dirishani ambako mtandao umejaa. Nikabonyeza. Kimya. Bwana Deo akaichukua simu mwenyewe, akaanza fomu upya kwa majina yake, haraka haraka, kama mtu anayetaka kumaliza ubishi. Akafika pale pale kwenye cheti. Akabonyeza mara nne au tano, halafu akaacha kubonyeza.

Mkuu wa chuo akamwuliza kwa upole, "Deo, umeshindwa fomu. Tuseme huna akili?"

Nakuapia Baba, nilimwonea huruma. Lakini alijibu kiume. "Hapana, mama. Kitufe hakifanyi kazi. Kosa ni letu. Ni langu mimi."

Kile kivinjari, kwa kuukamua ukurasa, kilikuwa kinaitupa na ile sehemu inayokifanya kitufe kiitike, na ukurasa ulitengenezwa bila mtu kulifikiria hilo. Wale wote kwenye orodha walikuwa wamejaza sawasawa mpaka pale. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani.

Mkuu wa chuo akasema muda wa kupokea fomu uongezwe wiki mbili, na mimi niwapigie simu waliokwama mmoja mmoja. Nikaanza na wa kwetu, unisamehe upendeleo huo. Wa Mloka alikuwa msichana anaitwa Rehema. Alipopokea nikasikia upepo mwingi.

"Dada, sema upesi," akaniambia, "nimesimama juu ya kichuguu. Nikishuka unanipoteza."

Nikamwambia mimi ni nani na kwa nini napiga.

"Kwani sikukataliwa?" akauliza. "Mimi kila nikibonyeza kinakataa, nikajua ndivyo mnavyowaambia watu kwamba hamwataki. Nimejaribu siku nane. Nashinda shambani tunalinda mahindi, tembo wamekula robo nzima ya shamba, jioni ndiyo napanda hapa najaribu. Jana nikamwambia baba, basi tena, wamenikataa."

"Hujakataliwa, mdogo wangu. Kosa lilikuwa letu."

"Lenu?" Akacheka, halafu nikasikia analia. "Dada, rudia tena hilo neno nimwitie baba alisikie."

Siku nane, Baba. Huyo ndiye tuliyeambiwa hana akili ya kumaliza fomu.

Bwana Deo alikaa na ule ukurasa siku tatu. Aliazima simu yangu ya kujaribia, kwa sababu ofisi nzima hapakuwa na nyingine ya namna hiyo. Siku ya tatu asubuhi akaja mezani kwangu, akanikabidhi kwa mikono miwili. "Jaribu wewe mwenyewe," akasema. Nikajaribu mbele yake, ikapita mpaka mwisho, ikaandika "Ombi lako limepokelewa". Akasema, "Mwajuma, niliwafanya watu wakucheke siku ile. Nisamehe." Nikamsamehe palepale. Tangu hapo tunaelewana vizuri kuliko zamani.

Usaili ulipofika, wengi wa wale waliokwama walikuja. Sitakudanganya kwamba wote waling'ara. Kijana mmoja wa Umwe hesabu za dozi zilimshinda, nikaumia lakini ndiyo haki. Msichana mmoja wa mjini mwenye simu ya bei mbaya naye alishindwa hesabu hizohizo. Na wa mjini wengine walifaulu vizuri, na wa vijijini wengine vivyo hivyo. Rehema wa Mloka aliulizwa afanyeje akimkuta mama mjamzito anatoka damu na gari la wagonjwa liko mbali. Akajibu hatua kwa hatua bila kubabaika, na jambo moja ambalo hakulijua alisema wazi, "hilo silijui, nifundishwe". Mkuu wa chuo alilipenda jibu hilo kuliko yote. Sasa hivi Rehema ana sare, na wiki jana ameanza mazoezi wodini.

Baada ya hapo mwenzangu mmoja ofisini akaanza utani mpya, kwamba kumbe wenye kivinjari chepesi ndio wenye akili, na yeye atakiweka ili azipate. Nikamwambia hapana, tusitoke kwenye kosa moja tukaingia la pili. Kivinjari hakisemi akili ya mtu. Kinasema labda ana simu ya namna gani, bando lake ni kubwa au dogo, na mtandao wa kwao ukoje. Kinasema pia nani alimwekea. Shabani alivijaribu vyote pale kibandani kwake anapotengenezea simu, akaona hiki ndicho kinachofungua kisiwani wakati vingine vinazunguka tu, akanipa. Kama kuna akili hapo, ni yake, ya kujua kinachofaa mahali alipo. Mwambie nimesema hivyo, maana yeye hujiita mtu wa darasa la saba kana kwamba ni kosa.

Sasa nafika kwenye kusifiwa kwenyewe. Siku ya kuwapokea wanafunzi wapya, Mkuu wa chuo alisimama mbele ya walimu na wafanyakazi wote akanitaja jina langu lote, Mwajuma Saidi Mkumba. Akasema kuanzia sasa mimi ndiye msimamizi wa udahili, na hakuna fomu itakayofunguliwa kabla sijaijaribu kwa simu ya kila namna. Akaniuliza, "Wewe ni mtu wa wapi?" Nikasema, "Wa delta ya Rufiji, mama, mtoto wa mkata boriti." Sikulisema chinichini. Ukumbi ukapiga makofi, na Bwana Deo ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimama.

Nimeandika kwa urefu, najua utaisoma kwa vituo. Nisalimie Mama, umwambie dawa ya kikohozi niliyotuma aimalize chupa nzima. Nisalimie Kaka Shabani na wifi yangu Zainabu, na mtoto wao aliyeota jino. Nisalimie Shangazi Mwanaidi, aliyenishonea gauni la kusafiria. Mjomba Omari mpe pole ya mpunga. Maalimu wa madrasa msomee kipande cha yule karani, atafurahi.

Na kuna salamu moja imetoka kwa mtu usiyemjua. Baba yake Rehema alinipigia kutoka Mloka siku binti yake alipopokelewa. Alishukuru sana, halafu akauliza, "Binti, wewe ni wa nani?" Nikamwambia mimi ni wa Saidi Mkumba, wa visiwani. Akasema, "Simjui. Lakini mfikishie salamu zangu, umwambie kuna mzee mwenzake huku Mloka anamsifu kwamba amelea vema."

Nami ndiyo nimezifikisha.

Mwanao,
Mwajuma