Kiti ya Ituri

Bunia, jumamosi magaribi.

Tena nilikasirika bure. Musée ndogo ya parokia, nyumba ya vitu vya zamani, iko muzuri: vyungu, ngoma, ndege zilizokaushwa, picha za wachoraji wa hapa Bunia. Lakini chini ya kila kitu wameandika "Ituri" tu, jina ya jimbo yetu nzima. Nikauliza mulinzi kile kiti kidogo cha mbao ni cha kabila gani.

"Ni ya siye wote, mama."

Niliona ni uvivu. Wakati ninabishana naye, mama mukwe, tulikuja naye na miguu ilikuwa inamuuma, akakikalia.

"Mama, simama!" nikamwambia. "Hiyo ni kitu ya zamani!"

"Hata miye niko wa zamani."

Mama moja tusiyemujua akacheka mupaka machozi. Akasema mama yake alikuwa na kiti kama hicho pembeni ya moto. "Hata wangu!" mama mukwe akajibu.

Niliposikia namna yule mama anatamka maneno, nikajua ni wa kabila ile tulipigana nayo. Tangu vita, mama mukwe hataki hata kusalimia watu wa kule. Sokoni anapita meza zao kama hazioni.

Akasimama, akapangusa kiti na kitenge yake. "Kuja, weye pia ukae."

Mulinzi akageuka kuangalia zile ndege zilizokaushwa, kama hakuona.

Njiani nilitaka kumwambia yule mama ni wa kabila gani, lakini niliogopa kuharibu furaha yake. Tulipofika karibu na nyumba, akasema mwenyewe:

"Nilimujua tangu alipofungua kinywa."