Mwalimu Karwirwa, Orodha Yako Tumeimaliza.

Mwaka umetimia, Mwalimu, tangu Jumanne ile ulipotutoka hapa nyumbani Kaaga, ukiwa bado unangoja kitabu ulichoambiwa kwamba kitaletwa.

Sote tulikuita Mwalimu. Hata Baba, mumeo Riungu, hakuwahi kukuita Karwirwa mbele ya watu. Ulifundisha Kiswahili mpaka ukastaafu, na baada ya kustaafu hukuacha. Ulimsahihisha muuza mboga, ukamsahihisha daktari, na kuna mchungaji mmoja aliyefupisha maombi kila alipokuona umeketi safu ya mbele.

Ulikuwa na ugomvi wa kudumu na majina ya vitabu. Jina lisilo na kitenzi, ulisema, ni mtu aliyefungua mdomo akasahau alichotaka kusema. Wewe ulitaka jina liwe sentensi kamili, lenye kiima na kiarifa. Kila uliposikia kitabu cha namna hiyo ulikiandika nyuma ya daftari lako, kwenye orodha ya vitabu unavyotamani. Ukikipata, unachukua kalamu nyekundu na kulitilia jina lake nukta, pale ukurasa wa kwanza na kule kwenye orodha. Kisha unakipeleka katika chumba cha kusomea hapo njia panda, chumba ulichokijaza wewe mwenyewe, rafu kwa rafu, ili kila mpita njia asome bure.

Ulipozidiwa na ugonjwa, ufunguo wa chumba hicho ulimwachia Mwenyekiti wa kamati yake. Karani wa gazeti ametukataza kumtaja jina. Anasema tangazo la kumbukumbu halitaji maadui. Basi tutamwita Mwenyekiti, na wanaomjua wanamjua.

Kitandani uliomba kitabu kimoja tu, *Nitarudi Kabla Chai Haijapoa*. Ulikuwa umekisoma mara tatu na ulitaka ya nne. Baba akaenda kukiulizia. Mwenyekiti akaja mwenyewe na mkate, akaketi kando yako.

"Hiyo kitabu iko na mtu, Mwalimu. Akimaliza ataleta."

"Kitabu hicho kiko na mtu," ukamsahihisha, na sauti yako ilikuwa imebaki kidogo sana. "Akikimaliza atakileta."

Akacheka, akala nusu ya mkate aliouleta, akaenda zake. Wiki iliyofuata akasema yale yale kwa simu. Wiki ya tatu hakushika simu.

Jumamosi moja Baba alinunua nyama kwa Abdirizak kule Majengo. Alipoifungua jikoni aliona kilichoifunga: ukurasa wa kwanza wa kitabu chako, jina likisomeka vizuri, na mwisho wa jina nukta nyekundu. Alisimama hapo mpaka dada yako Cicily akamuuliza kama amejikata. Akaufuta damu ule ukurasa, akaukunja, akautia mfukoni mwa koti, akatuapisha tusikwambie.

Abdirizak hakujua. "Mzee, mimi nililetewa katoni mzima mzima, nikaambiwa ni karatasi za kufungia," alimwambia Baba. "Wallahi ningejua ni za Mwalimu singegusa." Alifunga bucha saa sita mchana akatuletea vilivyosalia, vitabu kumi na kimoja. Tukaenda njia panda kuchungulia chumba chako. Kilikuwa kimejaa magunia ya ndengu mpaka dirishani. Mwenyekiti alitaka ghala, basi.

Ulifariki Jumanne iliyofuata. Asubuhi hiyo ulikuwa umeuliza kama yule mtu amemaliza kusoma. Hilo ndilo lililotukwama kooni. Kitabu tungeweza kununua kingine, lakini wewe ulidanganywa ukingoja, na tunamchukia kwa hilo.

Tulipomaliza mazishi tukafungua daftari. Binti yako Kathure alizunguka Meru na Embu akivitafuta vile ulivyokuwa hujavipata, akapata tisa. Maxine, fundi wa nguo, ana dirisha linalotazamana na duka la Mwenyekiti, akatuachia. Kila Jumatatu tukaweka kitabu kimoja, jalada likitazama barabara. Tulianza na *Tuliambiwa Tungoje Nje*. Jumatatu ya pili ikawa *Umevaa Koti la Marehemu*. Ya tatu, *Tunajua Ulikokaa Siku Ile*. Mpangilio huo ni wetu, Mwalimu, usituwekee alama ya makosa. Watu walianza kupitia pale makusudi. Walinunua sukari kwa Mwenyekiti huku wakisoma dirisha kwa sauti, na sisi tulifurahi, hatufichi.

Juma la tisa Mwenyekiti alikuja kwa Baba.

"Riungu, hiyo maneno uondoe. Watu wananicheka."

"Maneno hayo uyaondoe," Baba akamwambia. "Na si maneno, ni majina ya vitabu."

"Sasa imebaki ngapi?"

"Vimebaki vingapi. Hakijabaki hata kimoja."

Baba alidanganya. Kilikuwa kimebaki kimoja. Kwenye mstari wa mwisho wa orodha, kwa mwandiko unaotetemeka, uliandika *Mwambieni Nimemsamehe*, na tayari ulikuwa umeutilia nukta nyekundu, ingawa kitabu hicho hatujawahi kukiona humu ndani. Muuzaji wa Embu alitafuta siku mbili akasema hakuna kitabu cha jina hilo. Hapo Kathure akakumbuka kwamba Jumatatu, siku moja kabla hujatutoka, uliomba koti la Baba likufunike miguu. Tukaenda kuutazama ule ukurasa mfukoni. Ulikuwa umekunjwa upya, kona kwa kona, kwa unadhifu ambao Baba hana.

Kumbe ulijua. Ulijua, na bado uliuliza kama yule mtu amemaliza kusoma, ili sisi tusijue kwamba unajua. Tulikukasirikia, Mwalimu. Baba alilifungia daftari kabatini akakataza lisitajwe.

Lakini wewe ulimnyima alama mwanafunzi asiyefuata maagizo, hata akiandika vizuri namna gani, na hili ni agizo. Mwenyekiti husoma kurasa za kumbukumbu kila asubuhi akiwa kwenye kaunta, kabla hajasoma habari. Basi na asome: Mwenyekiti, Mwalimu Karwirwa amekusamehe. Tumekwambia.

Wanaokukumbuka ni mumeo Riungu, binti yako Kathure, dada yako Cicily, Maxine wa dirisha, na Abdirizak, ambaye siku hizi hafungi nyama kabla hajaisoma karatasi pande zote mbili.

Ulitufundisha kwamba katika Kiswahili neno moja laweza kuwa sentensi kamili, kiima ndani na kiarifa ndani. Tutakukumbuka. Hiyo ni ya kwanza. Hatujamsamehe. Hiyo ni ya pili, na nukta yake tumeiweka kwa kalamu yako.