Diski Iliyokufa Imefufuka kwa Shemeji

Mwenzangu, uko hapo?

Unaikumbuka ile diski ya seva niliyopewa kazini, nikaifunga kwenye kompyuta ya nyumbani ikagoma kabisa? Shemeji yangu fundi akaishika, akaitikisa, akasema, "Shemeji, hii imekufa. Niachie nikakutupie."

Nikakutupie! Na mimi mjinga nikamshukuru.

Leo nimeingia dukani kwake kuchapisha karatasi. Nasikia krr krr krr chini ya meza. Diski za kawaida hazina kelele hizo. Nikainama. Kompyuta yake iko wazi ubavuni, na diski yangu imo! Nimeitambua kwa ua nililolichora juu yake kwa rangi ya kucha siku niliyopewa.

Pini moja ya umeme ameifunika kwa selotepu. Basi! Nimempigia mtu wa seva kazini, anasema diski hizi zikipata umeme kwenye pini ile hazizunguki. Ukiifunika, zinaamka. Alijua. Shemeji alijua tangu siku ile!

Sikumfokea. Nikazima umeme ukutani, nikaichomoa diski taratibu, nikaitia mkobani.

"Shemeji, usinifanyie hivyo! Kazi zote za wateja zimo humo!"

"Kazi gani, shemeji? Si ulisema imekufa?"

Amenipigia mara kumi na moja. Naitazama tu simu inavyolia.

Selotepu niliibandua kabla sijatoka, nikambandikia katikati ya kioo cha kompyuta yake. Hiyo ndiyo mali yake.