Ufunguo wa Nyumba Yako Ninao

Duka la Dawa la Makori,
Suna, Migori.
Jumatano, 14 Mei 2025.

Mpendwa mwanangu Angwenyi,

Pokea salamu za nyumbani, zikukute una afya huko Kanada kwenye baridi yako. Kifua kile kimepona? Mimi nipo. Goti linasumbua mvua ikinyesha, na mwaka huu mvua haijui kupumzika. Barua hii Caren wa dukani ataipiga picha akutumie kwa simu. Nimeona niandike, maana tukiongea tunakatizana, na mwishowe nakata simu kabla sijasema lililo moyoni.

Mkeo Sheila bado amelazwa hospitali ya Homa Bay. Madaktari wamemkataza hata kuinuka kitandani mpaka ajifungue, na mama yako hawezi kumwacha peke yake. Mtoto anacheza tumboni, hilo tunamshukuru Mungu.

Sasa shida yenyewe. Tangu stima ipotee na kurudi siku ya Sabato, zahanati za Rangwe na Mbita zinazonunua kwetu hazioni dawa tulizo nazo. Ule mfumo mpya unaoutengeneza na wenzako huko kwenye mtandao, mnakokuita wingu, unafunguka vizuri, lakini ukiulizwa kilichobaki stoo unanyamaza. Kompyuta yenye habari hizo iko ndani ya nyumba yako, na kile kisanduku kinachoiunganisha na wingu kimezima. Caren anahesabu chupa kwa mkono na kujibu simu, hamalizi. Wenye zahanati wamesema Ijumaa ikipita watatafuta duka lingine. Bila wao, mwanangu, mimi nafunga. Nalala na hofu hiyo, naamka nayo.

Nakumbuka ulivyonieleza. Kisanduku ndicho kinachoita huko nje kwa nambari yake ya siri, na kutoka nje hakuna awezaye kuingia, kwa sababu majina ya wagonjwa yamo humo. Nilikusifu. Sasa umefunga vizuri mpaka wewe mwenyewe umejifungia nje. Lazima mtu akiwashe kwa mkono na kukiandikia nambari mpya. Caren amejitolea, ukakataa, ukasema nambari hiyo haiguswi na mtu asiye wa nyumbani. Wa nyumbani ni nani leo? Mke wako yuko wodini na mama yako yuko naye. Nimebaki mimi.

Na mimi siingii. Hata ukae ng'ambo miaka mingi huwezi kusahau hili: baba Mgusii havuki mlango wa mwanawe aliyeoa. Tangu umlete Sheila, chai nimekunywa kwenye veranda yako, nikitaka kitu naletewa nje. Mchungaji anasema Biblia haikatazi. Mimi ni Msabato na mizimu siiogopi, lakini aibu si pepo la kukemewa likatoka. Tena wazee wetu walisema kosa hilo humwangukia mjukuu aliye tumboni. Siamini. Ila Sheila yuko kitandani, na kutoamini kwangu si kukubwa hivyo.

Jana alikuja fundi Ryoba. Akaniambia, "Mzee, kwa nyumba ya kijana hakuna mtu anaingia. Mimi nafungulia hiyo kompyuta hapa hapa kwa rauta ya duka, yeye anaishika direct kutoka Kanada." Nikamuuliza, na mtu mwingine je, hataweza kuingia kwa njia hiyo hiyo? Akacheka: "Huyo mwingine atajulia wapi?" Wewe ulishaniambia wezi wa mitandao hawangoji kuelekezwa, wanapita wakijaribu kila mlango. Nilimrudisha, lakini namba yake sijaifuta. Mfa maji haachi kutapatapa.

Leo asubuhi nilifungua mlango wako. Nikasimama hapo nje. Leso ya Sheila iko kwenye kiti, na kisanduku kiko pale rafuni, hakina hata taa moja. Hatua chache tu. Nikafunga tena, nikalia mbele ya kuku wake.

Nakuomba neno moja, si maelezo ya mitambo. Ukisema Ryoba afungue, majina ya wale wagonjwa yako mikononi mwako. Ukisema niingie, nitaingia, na hatutakula pamoja mimi na wewe mpaka urudi tutakaswe. Ukinyamaza, duka limekwisha. Lakini kabla ya kunijibu, mpigie Sheila umuulize yeye. Mlango ni wake pia, na mtoto anayehofiwa yumo tumboni mwake. Mimi na wewe tumegombana juu ya nyumba hiyo tangu Sabato, na hakuna aliyemuuliza.

Nisalimie binamu yako Barnabas na mkewe Liz. Nesi Joyline wa Rangwe anakusalimu, ijapokuwa amekasirika. Mungu akulinde utokapo na uingiapo, na amfungue mke wako salama.

Ni mimi baba yako akupendaye, ninayengoja kwenye veranda,

Makori