Kisogo cha Mama

3 Machi

Dada,

Natumaini hujambo, na miguu imepungua kuvimba. Sisi huku wazima, mwanangu ana mafua kidogo tu. Simu zangu hupokei, basi nakuandikia.

Nimesikia kwa Mama, si kwako, kwamba umemkatia tiketi aje kukushika mkono ukijifungua. Na ndege anabadilishia hapa, uwanja huu huu ninaposukuma viti vya magurudumu kutwa nzima, nikiwapeleka mama za watu kwa watoto wao. Nilifurahi mpaka nilipoiona tiketi yenyewe. Kati ya ndege na ndege, chini ya saa moja! Dada, muda huo hapa ni wa kukimbia, si wa kusalimiana. Kuna basi la kutoka kwenye ndege, kuna foleni ya ukaguzi mara ya pili, kuna lifti inayofanya kazi ikipenda. Na ndege ya kesho yake ilikuwepo kwa bei ile ile, nimeangalia. Mama angelala kwangu usiku mmoja, akamshika mjukuu anayemjua kwa picha tu.

Wanasema mwenye wivu ajinyonge. Mimi sijinyongi, nakwambia wazi: ninao, tena wa kutosha. Nilipojifungua mimi, Mama alisema magoti hayamruhusu kusafiri. Aliyenishika mkono ni jirani wa chini, mtu tuliyekuwa tunagombana naye kwa ajili ya kamba ya kuanikia nguo. Leo magoti yamepona?

Mdogo wako


9 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi, na pole kwa mafua ya mtoto. Mimi nipo nipo tu. Tumbo limeshuka, daktari anasema nisiende mbali na nyumbani.

Umeuliza, nakujibu bila kuzunguka. Ndege ya kesho yake niliiona, nikaiacha makusudi. Nakujua wewe na namjua Mama. Wewe ni kitinda mimba. Tulipokuwa wadogo, ukikohoa tu, mimi ndiye niliyeondolewa kitandani kwa Mama ili ulale wewe. Akilala kwako usiku mmoja, asubuhi mjukuu atalia, Mama atasema ngoja kidogo, na mimi nitajifungulia mikononi mwa shemeji yako, ambaye akiona damu ni yeye wa kulazwa. Naogopa, mdogo wangu. Mimba ya kwanza kwa umri huu si mchezo.

Sasa ile ya kesho yake imejaa, inayofuata ni baada ya siku kadhaa. Kwa hiyo nakuomba: kiti nimeshamwombea, msukume mwenyewe, usimkalishe popote. Ndege ikimwacha mikononi mwako, nitajua umetaka.

Dada yako


17 Machi

Dada,

Habari za tangu juzi? Bila shaka mgeni wako umeshampokea. Sisi wazima.

Ndege ya Mama ilichelewa kutua. Nilibadilishana zamu na mwenzangu, nikamsubiri mlangoni kabisa. Tulikumbatiana, nikamkalisha, nikaanza kukimbia. Kazi yangu ina ubaya mmoja: unayemsukuma unamwona kisogo. Basi mama yangu nimemwona kisogo. Nywele za nyuma zimekuwa nyeupe zote, ulijua? Mimi sikujua. Tulizungumza yeye akitazama mbele, mimi nikiwaomba watu njia. Kwenye lifti kuna kioo, ndipo tulipotazamana. Hatukusema kitu cha maana. Milango ikafunguka, nikaendelea kukimbia.

Tulikuta wanafunga mlango wa kupandia ndege. Yule dada anayekagua pasi ananijua, nikamsihi, akatufungulia. Mama ameondoka bila kunywa hata maji ya kwangu. Ameniachia sweta aliyomfumia mwanangu. Inambana, alipima kwa picha ya mwaka juzi.

Haya, umeshinda. Usiniandikie kunishukuru.

Mdogo wako


2 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo, na mwanao hajambo? Mimi nimejifungua salama, mtoto wa kike. Mama alinishika mkono mpaka mwisho. Shemeji yako alizimia, kama nilivyosema.

Ulinikataza kushukuru, na nilinyamaza. Lakini jana Mama alikuwa anamwogesha mtoto, akaniambia ya kwenye lifti. Kwamba alikushika mkono akakuuliza, "Mwanangu, nikijifanya nimezidiwa, si wataniacha nibaki kwako?" Na wewe uliyekuwa unalilia usiku mmoja tu ukamjibu, "Mama, dada anaogopa. Mimi yangu nimeshayapita."

Mbona hukuniandikia? Nililia sana. Nilipomaliza kulia nikakasirika, maana mimi Mama hajawahi kutaka kumdanganya mtu ili abaki nami. Kila anayekuja kumwona mtoto anasimuliwa wewe: mwanangu anavyokimbia, mwanangu anavyopangua watu. Hongera za mtoto wangu zinaishia kwako.

Na magoti nilimuuliza. Hayajapona, yamezidi. Zamani alikuwa anaona haya kusukumwa na watu asiowajua, ndiyo maana hakuja kwako, akaona haya hata kulisema. Safari hii alikubali aliposikia kwamba ndege atabadilishia uwanjani kwako, akajua msukumaji utakuwa wewe. Kumbe hata kwangu amefika kwa sababu yako. Unadhani hilo limenifurahisha?

Tiketi yake ya kurudi nimeibadilisha. Nilimwambia atakaa kwako siku nne. Akasema wiki tatu. Nilibishana naye mpaka mtoto akaamka. Roho inaniuma, lakini ni wiki tatu.

Dada yako


6 Aprili

Dada,

Hongera sana, na mtoto akue. Sisi wazima.

Wiki tatu ni chache, lakini nitazipokea. Ile sweta namtumia binti yako, avae akikua. Ajue tu ilikuwa ya kaka yake.

Zamu ya siku atakayotua nimeshaiomba. Mwambie Mama hatutakimbia. Kiti nitakishika kwa mbele, nitembee kinyumenyume toka mlango wa ndege mpaka nje, msimamizi aseme atakalosema. Nataka nimwone uso.

Mdogo wako